Wimbo Usio na Namba

Alhamisi, kambini Nakivale

Kesho kutwa naimba hotelini Mbarara na yule mama wa Ireland anayetufundisha sauti. Nimeshakubali, mjinga mimi.

Leo alitusimulia alivyoanzia kwaya ya kanisa kwao, akaigiza jukwaani, akaimba kwenye baa, akachekesha watoto kwenye televisheni.

"Na kanisani?" nikamuuliza.

"Bado naimba," akasema, kama si kitu.

Kwetu ni kitu. Ukiimba nyimbo za dunia, mchungaji anakuvua sare ya kwaya na unakaa benchi la nyuma, watu wote wanakuona. Na mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Nikikaa nyuma…

Jioni nilikuwa naosha sahani, najaribu taratibu, bila maneno, ule wimbo wa mapenzi tutakaouimba hotelini. Nyuma ya pazia mama mkwe, shemasi wetu, akaingia na sauti ya pili. Aliipata vizuri mno! Tukaumaliza pamoja.

"Ni muzuri," akasema. "Ni namba gani mu kitabu ya nyimbo?"

Nikamwambia nimesahau.

Sasa amewasha tochi. Namsikia akifunua kurasa, anatafuta mwenyewe, huku akiuimba.