Mpangaji wa Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Je, mgongo umepoa, au bado unalala na chupa ya maji moto? Sisi huku ni wazima wa mwili. Akili ndiyo haijatulia. Tangu Jumapili nimepigwa na butwaa, hata chai naimimina nje ya kikombe.

Niseme tu bila kuzunguka: tangi la matumbawe ulilonikabidhi ulipohama halina tena kitu hai. Nimeliua mwenyewe. Samaki walitoka vidoa vyeupe, nami badala ya kuwatoa na kuwatibu kwenye ndoo, nikaimwaga dawa humo humo. Dawa ile ina shaba, na shaba ni sumu kwa matumbawe. Hata aliyeanza jana analijua hilo. Uvivu, Dada, sina jina jingine. Kulipokucha maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele na matumbawe yote yamekufa, likiwemo lile la rangi ya chungwa alilolikuza marehemu shemeji kutoka kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati. Unakumbuka alivyoliita Mpangaji, eti limetwaa sebule nzima na kodi halilipi.

Wenzetu wafuga matumbawe walipata habari. Sikuwaita, wakaja wenyewe. Dereva wa gari la wagonjwa alibeba tangi jipya, maana la zamani na mawe yake yalishanyonya ile shaba. Fundi bomba alipandisha madumu manane ya maji ya chumvi, huku akiilaani ngazi yangu kila hatua. Mwalimu wa hesabu, yule mchoyo wa maneno, alilitoa tumbawe lake la zambarau, akalikata katikati kwa koleo mbele yangu, nusu akanipa. Nikamwambia ni kubwa mno. Akajibu kwamba hata yeye alipewa.

Ndipo dereva akauliza nani kati yao ana kipande cha Mpangaji, anikatie. Si unajua desturi yetu: ukipewa kipande, kikikua unamkatia mwenzako bure, ili la huyu likifa, la yule lipo. Wakatazamana. Kila mmoja alidhani amepewa mwingine. Mimi nikajitia kushughulika na mpira wa maji.

Msusi, anayekuja kunisaidia kusugua kioo, akaanza kulia. Akaeleza kwamba mwaka jana, akisugua, kiwiko chake kilivunja ncha ya Mpangaji. Alitaka kuniambia, lakini alishaniomba kipande mara tatu nikamjibu linaumwa, basi akakificha ndani ya chupa akaondoka nacho. Sasa kimekuwa kikubwa cha kujaa kiganja. Amekikata, nusu ameniletea, na anaomba radhi kwa wizi wake.

Nami mbele ya wote nikamshika bega nikasema, "Nimekusamehe." Wakanipigia makofi, Dada.

Sasa niteme kilichonikaba. Uliponikabidhi tangi uliniagiza niwagawie watu watano kabla mwaka haujaisha, Mpangaji asije akafia mikononi mwa mtu mmoja. Nikakuandikia kwamba nimegawa. Nilikudanganya. Sikumpa hata mmoja. Kila aliyeniomba nilimwambia linaumwa, kumbe nilipenda tu kuwasikia wageni wakisema hawajaliona kwingine. Kazi yote ya shemeji ingekuwa imekwisha kwa mkono wangu, kama asingeiba yule niliyejifanya kumsamehe. Naona aibu hata kuandika. Nisamehe, Dada, ukiweza.

Leo, kabla sijaifunga barua hii, nimempa msusi aisome. Ameisoma amesimama, ukurasa hadi ukurasa. Kisha amekunja mkono wa blauzi, akakitoa kile kipande kwenye tangi langu na kukitia kwenye chupa aliyokuja nayo.

Akasema, "Hiki nampelekea dereva. Wewe subiri zamu yako, uko wa tano."

Amekwenda. Sikumzuia.

Wabusu wapwa wangu. Ukija, kamwone Mpangaji kwa msusi. Kwangu utakuta maji, mawe na lile nusu la zambarau la mwalimu.

Ni mimi, mdogo wako niliyekukosea.