Moja Tisini na Moja za Ukuta wa Bwalo

Jumatatu, 1 Septemba
Baridi. Chai haina tangawizi, nimeinywa hivyo hivyo. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu hadi vidole vikafa ganzi. Nje kidato cha nne wamemaliza kupaka ukuta wa bwalo. Wako tisini na mmoja, kila mmoja kapaka 1 yake, zote mstari mmoja. Namba ndefu kama msafara wa mnadani. Chini yake Mwalimu Gwandu, mkuu wa idara yetu ya hisabati, kaandika kwa rangi nyekundu: NAMBA TASA. HAIGAWANYIKI. Ndiyo kaulimbiu ya mahafali. Nzuri. Ila si kweli.

Jumanne, 2 Septemba
Nimemfuata Gwandu faragha, kwa adabu. Anasema 91 haimo kwenye jedwali la kuzidisha, kwa hiyo ni tasa, na idadi ya moja ikiwa tasa basi namba nzima ni tasa. Jedwali! Lile la nyuma ya daftari, linaloishia kumi na mbili. Saba mara kumi na tatu halijui. Nikamwonyesha: zikate moja saba saba, unapata mafungu kumi na matatu yanayofanana, haibaki hata moja. Basi namba nzima inagawanyika kwa 1,111,111. Akasema kaigawa mwenyewe kwa kila namba tasa, kuanzia mbili hadi 47, imegoma. Akaniuliza mimi mwalimu wa kujitolea namfundisha nani.

Alhamisi, 4 Septemba
Gwandu kaninyang'anya vipindi vyangu vyote. Nimepewa kazi ya kufunika vitabu majalada maktaba. Makamu mkuu anasema bila vipindi hawezi kuniombea nibaki muhula ujao. Asubuhi nilimwamkia Gwandu shikamoo mbele ya walimu. Hakuitikia. Huku kwetu mtu mzima haachi shikamoo hewani, hata ya mwizi. Imeniuma sana. Kesho namwamkia tena, kwa sauti zaidi.

Ijumaa, 5 Septemba
Shikamoo. Kimya.

Jumatatu, 8 Septemba
Shikamoo. Kimya. Walimu wanainamia vikombe vyao. Mama kapiga simu kutoka Maretadu, habari zimeshamfikia. "Mwombe radhi mwanangu, mkubwa hakosei." Mama huyu huyu, shimo moja la maharage likikaa upande, anatuchimbisha mstari mzima upya. Nampenda. Simtii. Niombe radhi kwa saba mara kumi na tatu? Sitaki.

Jumatano, 10 Septemba
Kikao cha walimu. Makamu akataka niombe radhi yaishe. Nikasimama, hasira imenipanda. Nikasema kama nimemkosea kwa umri naomba radhi, kwa namba siombi. Nikaandika ubaoni namba tasa inayofuata 47. Ni 53. Nikaandika moja kumi na tatu, nikazigawa kwa 53 mbele yao, tarakimu kwa tarakimu. Haikubaki kitu. Na ule ukuta ni mafungu saba ya moja kumi na tatu. Mwalimu Gwandu alichoka kugawa namba tasa moja tu kabla ya jibu. Akatoka. Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi nusu.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa nimepita shuleni kuchukua sweta langu. Hakuna mtu, ila Gwandu ukutani, kopo la rangi nyeupe miguuni. Kila baada ya moja saba kuna alama ya chaki. Wanafunzi hao, nani mwingine. Alikuwa anazifuata kwa kidole, anafika mwisho, anaanza tena.

Nikasema shikamoo. Safari hii taratibu.

Kidole kikaendelea na moja zake, nikajua ndiyo yale yale. Kisha akasema marahaba.

Maneno mekundu ameyafuta. Moja za watoto kaziacha. Akasema kidato cha tatu kesho wana hisabati kipindi cha kwanza, nisichelewe. Nikaitikia, nikaondoka kabla sijalia.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka sweta.