Kona ya Mwarobaini

Jumatatu, 6 Oktoba

Mbaazi zimeungua tena. Niliziacha kwenye moto mdogo, nikakimbilia dukani kwa njia ya mkato, nikarudi jiko lote linanuka. Nikizeeka zaidi ya hapa nitaunguza na maji.

Lakini leo si uzee. Leo ni rangi nyekundu.

Nyuma ya jengo letu hapa mtaa wa Jaddaf, nchi ya Waarabu, treni inapita juu, kwenye nguzo. Chini ya reli kuna ukanda wa mchanga, umeachwa hivyo hivyo tangu wajenzi waondoke. Uzio umelala. Paka, mifuko, vigari vya supamaketi vimepinduka miguu juu. Kibao kinasema usipite, na sote tunapita. Sasa ukanda huo unafanywa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, toka kituoni hadi ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari, na miti na viti na taa. Aliyeichora ni binti yangu Nasra. Ana miaka ishirini na nne, na ndiyo ramani yake ya kwanza. Nimejisifu mpaka majirani wakiniona wanajifanya wanaongea na simu.

Leo nimepita pale nikakuta ule mwarobaini wa pale umepigwa alama shinani. Msalaba mwekundu. Maana yake unakatwa.

Nilisimama na mfuko wa vitunguu, sijui niende au nirudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijamwambia Nasra kitu. Ningeanzia wapi?

Kitovu chake kimefukiwa chini ya ule mwarobaini. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa pale pale, vyumba viwili na uwa, marehemu mume wangu Hamad akifanya kazi ya useremala karibu. Mama alikuja kutoka Unguja kunilea uzazi. Kitovu kilipodondoka alikitia kwenye pamba, akatoka nacho na mwiko wa jikoni. Mimi nilikuwa ndani ya arubaini, sikuruhusiwa kutoka. Nilimtazama dirishani, kainama chini ya mti, mti wenyewe mchanga bado. Akarudi na mchanga mikononi. Tayari, akasema. Usimwambie mtu.

Kitovu hakitajwi kilipo. Mwenye husuda akijua atakifukua, na mtoto hatulii tena maisha yake. Basi sikumwambia mtu. Hata mwenyewe Nasra.

Reli ilipokuja nyumba ikabomolewa. Mti ukabaki. Hamad alikuwa akipita anaumwagia maji ya chupa. Tangu afe ninaumwagia mimi. Huwa nausalimia. Sijali nani ananiona.

Na njia hiyo naitaka! Hapo ndipo ninapojishangaa. Miaka yote natembea ukingoni mwa barabara, malori yananipuliza baibui. Mwaka jana mimi na kijana wa kupeleka chakula tulikoswa na gari moja, sote wawili tukakaa chini tukicheka kwa hofu. Njia naitaka. Mti nautaka. Njia kaipitisha mwanangu juu ya mti. Sasa nimkasirikie nani?

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwambia. Sikupanga. Alikuwa anakunywa chai anahadithia kwamba mstari wake umenyooka kama rula toka mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyewahi kuchora mstari ulionyooka hivyo, nami mdomo ukafunguka wenyewe.

Kwanza alicheka. Nilimtegemea acheke. Baadaye akaweka kikombe chini, na hilo sikulitegemea. Akaniuliza ni wapi hasa. Nikamwambia upande wa kibla wa shina. Akavaa viatu akatoka. Kutoka dirishani nikamwona amesimama pale, jua lote lile, mkono umegusa ule msalaba mwekundu. Dirisha jengine, nyumba nyengine, nami natazama vile vile.

Aliporudi akaniambia neno ambalo sijui nilitie wapi moyoni. Kwamba kazini kila wiki mtu humwuliza ametoka wapi. Akisema hapa, wanacheka, wanamwuliza tena, hapana, ametoka wapi kwa kweli. Pasipoti yake ya Tanzania, nchi aliyokwenda mara mbili kwa likizo, akaumwa na tumbo mara zote mbili.

"Miaka yote hii, mama," akasema, "ulikuwa na jibu langu na hukunipa."

Nimejisikia mjinga. Pia nimefurahi. Vyote viwili kwa pamoja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Anaichora upya. Anataka kuitia njia kona, izunguke mwarobaini. Bosi wake, anayemwita sir kama sote tunavyowaita, kamwambia hapana. Kona inachelewesha kazi, wapanda baiskeli hawapendi kona, na mti wenyewe ni mwarobaini tu, iko maelfu mjini. Watapanda mwingine mzuri zaidi.

Nasra kajibu kwamba Jumatano wenye mradi wanakuja, atawaeleza mwenyewe. Mbele ya sir. Juu ya kichwa cha sir.

Nimemtengenezea mkate wa kumimina, anaoupenda. Sikujua ninampongeza au ninamuaga.

Jumanne, 21 Oktoba

Woga mtupu. Mtu akiachishwa kazi hapa na viza inakwenda. Na viza yangu imo ndani ya yake. Tangu Hamad afe, kafeel wangu, mdhamini wa viza, ni mtoto niliyemnyonyesha. Akikosa kazi, mimi na yeye tunafunga masanduku, khalas, imekwisha, na huo mti tutauachia nani?

Nimemwambia aache. Nimesema mti ni mti. Nimesema kitovu kimekwishakuwa udongo zamani. Maneno yalikuwa yangu lakini sikuyaamini hata moja.

"Kwa hiyo na mimi niseme it's only a tree?" akaniuliza. "Halafu wakiniuliza nimetoka wapi niseme nini, mama? Nimetoka lifti?"

Kanishinda. Ulimi kaurithi kwangu, siwezi kulalamika.

Jumatano, 22 Oktoba

Niandike kabla sijalala.

Asubuhi Nasra katoka na ramani yake na kilemba kipya. Mkutano saa nne. Nilikaa nikashindwa kukaa. Nikampigia mama yangu kule Bububu, Unguja, ili aniombee dua. Masikio yake mazima, macho ndiyo yamechoka. Nikamweleza yote, mti, msalaba, kona, sir.

Aliniacha nimalize.

Akasema, "Rukia mwanangu, pale hapana kitu."

Nikamwuliza hapana kitu vipi, nilikuona kwa macho yangu.

"Uliniona nafukia pamba. Kitovu nilikifunga ncha ya leso nikaja nacho. Kipo hapa Bububu, na sikwambii wapi. Ulitaka nimwache mjukuu wangu nchi ya watu, nyumba ya kupanga? Ulikuwa unalia sana siku zile, nikaona bora utulie."

Pamba! Miaka yote nasalimia pamba. Hamad kafa anamwagia maji pamba.

Nilimkatia mama yangu simu. Sijawahi kufanya hivyo. Nikampigia Nasra, imezimwa. Nikapiga tena. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta. Ungesema nini? Usiwe na taabu mwanangu, ni pamba? Nikavaa baibui nishike teksi niende ofisini kwake. Nikafika chini ya jengo nikasimama. Nikienda namwaibisha mbele ya watu. Nisipokwenda anaipoteza kazi kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Teksi ikapita. Ya pili ikapita. Dereva wa tatu kanipigia kelele yalla madam, nami nikageuka nikarudi ndani.

Sijui kama huo ulikuwa uamuzi. Miguu iligeuka tu.

Alasiri karudi. Anacheka na analia. Kona imepita. Aliwaambia wote mle ndani, kwa sauti, kwamba kitovu chake kiko chini ya ule mti na kwamba yeye ametoka hapo. Mzee mmoja wa Kiarabu akasema nyumbani kwao bibi zao walikuwa wakifanya vile vile. Sir naye akapiga makofi, baada ya kuona wenziwe wanapiga.

Alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nikasema alhamdulillahi. Nikaishia hapo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempigia mama kumtaka radhi. Nikamwambia Nasra kaitangaza siri yote, kila mtu ofisini anajua kilipo.

Alicheka mpaka akapaliwa. "Vizuri. Wenye husuda wafukue, wapate pamba."

Nimemwomba asimwambie Nasra. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kumwambia mtu kitu. Kweli hajawahi.

Jumamosi, 17 Januari

Njia karibu inakwisha. Lami nyekundu ya baiskeli, mawe ya kutembelea, miche kila upande. Inanyooka, inanyooka, ikifika kwenye mwarobaini inajikunja kidogo kama mtu anayempisha mkubwa wake, kisha inanyooka tena. Inapendeza. Kila nikiitazama nakumbuka pamba.

Leo nikapata akili ya kipumbavu. Nina ule utepe wa hospitali aliofungwa Nasra mkononi siku ya kuzaliwa. Nikasema nikiufukia pale, basi patakuwa na kitu, na uongo utapungua. Nikachukua mwiko. Nikaenda baada ya alasiri, nikachutama upande wa kibla, nikaanza kuchimbua majani mapya.

Akaja askari wa kampuni ya ulinzi, Mganda, kijana wa heshima, kavaa buti jua lote hilo.

"Mama, pole, hapa hakuna kuchimba. Kitovu ya engineer iko hapa. Ile madam mwenye alichora hii barabara."

Nikamwuliza nani kamwambia.

"Watu wote wanajua, mama. Hata supervisor alituambia tusitupe takataka. Kwetu pia tunazikaga hivyo. Hiki ni kitu ya maana."

Nilisema nimeangusha hereni. Masikini ya Mungu akapiga magoti kunisaidia kuitafuta. Tumepapasa majani, mimi na yeye, tukitafuta hereni ambayo iko nyumbani kwenye kopo. Mwishoni akanipa pole kwa hasara. Aibu niliyoipata leo inanitosha mpaka Idi.

Utepe ninao bado kwenye pochi. Pamoja na mwiko.

Ijumaa, 13 Februari

Njia imefunguliwa. Shaaban inakaribia kwisha, hewa bado baridi.

Baada ya chakula tumetoka, Nasra na baiskeli yake, mimi kwa miguu. Watu wengi. Wahindi na vigari vya watoto, vijana wa Kifilipino, wale wa kupeleka chakula wanapita bila kulaani mtu. Nimetembea toka kituoni hadi Khor na hakuna lori lililonigusa baibui. Hamad angependa.

Tukakaa kwenye kiti cha pale konani. Bwana mmoja mwenye kofia ya plastiki kafunga breki, akanung'unika kwa Kiingereza, njia yote imenyooka, kona hii ya nini? Nasra alikuwa anafungua chupa ya maji. Nikamjibu mimi, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Nikamwambia hapa palikuwa na nyumba yetu. Akasema samahani, akaenda zake. Baadaye nikafikiri, hilo nililolisema ni kweli. Lote ni kweli. Dirisha nililotazamia lilikuwa pale ilipo taa.

Nilitaka kumwambia Nasra leo. Naapa nilitaka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Yeye alikuwa anamwaga maji kidogo shinani, kama babake, na hakuna aliyemfundisha. Akageuka akaniuliza:

"Na wewe mama? Chako kiko wapi?"

Sikuelewa kwanza. Kitovu changu. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kujiuliza. Sijui. Huenda Bububu. Huenda kokote mama alikokuwa na leso yake. Tukatazamana, tukaanza kucheka, kisha mimi nikaacha kucheka kabla yake.

Tuliporudi nikampigia mama. Nikamwuliza.

"Kipo," akasema. Akataka kujua kama siku hizi mbaazi bado zinaniungua.