Mstari Nilioruka

Kwako Baba Harjit,

Jana nimefanya kosa, na sina wa kumwambia ila wewe, maana yaliyomo katika ile barua tulikuwa tukiyajua wawili tu.

Simran alikuja. Yule binti wa Harjit uliyemwacha darasa la tatu sasa yuko chuo kikuu, na kesho asubuhi atasimama ukumbini kueleza habari za Wahindi walioshika silaha kupigana na Mwingereza. Atamtaja babu yako. Alifika ghorofa ya sita akihema, kwa kuwa lifti bado ni ile ile.

"Dani, bibi yangu, leo nisomee ile barua," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Na upesi, taa za robot barabarani zimezima mpaka stesheni, nitakwama kwenye teksi."

Unakumbuka ulikonisimulia habari hizo. Ni katika ukumbi mwembamba wa nyumba yetu ya Kisumu, asubuhi kabla ya kazi, wewe umeshika ncha moja ya kitambaa cha kilemba na mimi ncha nyingine, tunavuta na kukunja.

"Vuta basi. Hujanywa chai?"

"Nikivuta zaidi utaanguka, mzee."

Katika kuvuta huko, bila kunitazama, ulinieleza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Babu yako alikuwa karani wa posta wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na serikali ikampa kazi ya kusoma barua za mafundi wa reli waliotoka Punjab na kumfasiria inspekta Mzungu. Baadhi ya mafundi hao walikuwa wameapa kurudi kwao kupigana. Waliandika juu ya bastola, juu ya vijana waliosubiri meli, juu ya askari waliokubali kugeuza bunduki. Babu alimsomea inspekta salamu, mguu wa mama na ngano shambani. Mistari yenye silaha aliiruka.

Nilimpenda mtu huyo bila kumwona. Kisha asubuhi moja kitambaa kikalegea mkononi mwako. Ukasema inspekta alianza kuuliza inawezekanaje wanaume wote hao wasiwe na neno ila ngano. Ili aendelee kuaminiwa, ilimbidi babu asome barua moja nzima. Alichagua ya Naurang, fundi wa boila. Naurang alichukuliwa na hakurudi. Barua yake babu aliiiba ofisini, na mwishowe ikafika kwako. Ulinisomea mara moja tu, mezani, ukiigeuza kuwa Kiswahili neno kwa neno, kisha ukaniambia, "Nikifa, ichome."

Nilisema sawa. Sikuichoma. Niliifunga ndani ya kilemba chako cha buluu, na imekaa kabatini humu Joubert Park, mtaa wa huku kusini tulikohamia kutoka Kisumu, tangu tulipokuzika.

Simran anaijua nusu ya kwanza ya habari hii, basi. Kwake babu ni yule aliyeruka mistari, na alidhani barua hii ni mojawapo ya zile zilizookolewa. Hawezi kusoma maandishi yale. Mimi pia siwezi, unajua. Nilivaa miwani, nikapitisha kidole juu ya herufi nisizozijua, nikamwambia nilichokumbuka cha sauti yako. Salamu kwa mama. Mguu wake umeponaje. Ngano. Kidole kikafika pale Naurang anaposema bastola tatu zimepatikana na yeye atapanda meli ijayo. Kikapita, nisije nikaulizwa Naurang aliishia wapi.

"Na hii ya penseli pembeni?"

"Ni ya watu wa posta," nikasema. "Siku ilipopokelewa."

"Sharp," akasema, yaani sawa kwa lugha ya vijana wa huku, akaipiga picha na simu, akashuka ngazi mbio.

Penseli ile ni mkono wa babu. Imeandikwa, ulivyonisomea siku ile: huyu hana mtoto.

Tangu hapo sikai mahali pamoja. Picha hiyo itawekwa ukutani kesho, kubwa kama mlango, mbele ya wazee wanaosoma maandishi yale tangu utotoni. Mmoja atainuka amuulize mtoto wetu maneno hayo yana maana gani, naye atajibu kwa uongo wangu. Naogopa aibu hiyo. Naogopa pia kwamba nikimwambia hatamtaja babu tena, au hatakwenda kabisa, nami ndiye niliyevunja ahadi yako na kuiacha karatasi hai.

Lakini leo asubuhi nilikuwa naosha vikombe, nikawaza juu ya Naurang. Babu alimchagua kwa sababu hakuwa na mtoto, na ndiyo maana hakuna ukumbi wowote ambapo kuna mjukuu wa kumuulizia. Babu alimtoa kafara mara moja kwa woga. Jana nimemruka mimi, na hakuna inspekta aliyenisimamia.

Nimempigia Simran.

"Rudi. Kuna mstari niliouruka."

"Eish, Dani. Mmoja tu?"

"Na ule wa penseli."

Akasema anakuja. Sasa nasikia viatu vyake kwenye ngazi, na anapumzika, nadhani ghorofa ya nne. Nimekitoa kile kitambaa cha buluu. Akiingia nitampa ncha moja aishike nami nishike nyingine, tuvute tukunje, nipate pa kutazama wakati nasema.

Nisamehe, au usinisamehe. Ameshafika mlangoni.

Mkeo,
Mama Harjit