Chumba Nilichokiandika Kitupu

Mke wangu,

Wazee hawajambo huko? Hapa bomba la jikoni limeacha kuvuja. Jirani anakuulizia, namwambia umekwenda kusalimia kwenu.

Ulipoondoka ulimlaani aliyekupokonya chumba chako cha kulelea watoto wa wafanyakazi hapa chuoni. Laana hiyo ni yangu. Sisi tuliotumwa kukagua vyumba tuliambiwa chumba tusimokuta mtu tukiingize kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa kugawa vyumba kuwa kitupu. Wewe na watoto mlikuwa nje mnacheza. Kelele zenu nilizisikia, na bado nikabonyeza. Kwa nini? Hata mimi sijielewi.

Sasa nimlilie nani? Mkuu wa chuo anasema mfumo ndio ulioamua. Fundi wa mfumo ananicheka: "Mzee, si unajua ulichouambia wewe?" Wamejaza kompyuta mle, na kiyoyozi juu. Watoto miaka yote ulikuwa unawapepea kwa kanga!

Leo nimeiandika ofisi yangu kuwa haina mtu, nami nimekaa humo humo. Mfumo ukakubali. Nikaomba iwe chumba cha watoto, ukakubali tena. Mimi nitakaa wapi, sijui. Ufunguo uko kwa mlinzi, nimemwambia asimpe mtu ila wewe.

Mumeo, kama bado