Doa la Rangi kwenye Blauzi Nyeupe

S.L.P. 314,
Mlango wa kijani, nyuma ya posta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote niambie habari za mgongo wako. Katika barua yako ya mwisho ulisema ukiinama kufunga viatu unabaki huko huko chini mpaka shemeji aje akunyanyue. Nilicheka, halafu nikajilaumu kwa kucheka. Je, unapata nafuu? Shemeji naye bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Na yule kitinda mimba wenu, meno ya mbele yameota au bado anatabasamu kama bibi yake?

Mimi ni mzima, ukiondoa magoti. Magoti yangu unayajua, yalianza kulalamika kabla hujaolewa. Picha uliyotuma nimeibandika juu ya cherehani, na kila mteja anayeingia namwambia huyu ni mdogo wangu, yuko mbali huko, ana nyumba ya ghorofa mbili. Najua ghorofa ya pili si yenu. Wao hawajui.

Najua pia kwamba barua zangu huwasomea wenzako kwa sauti. "Njooni msikie dada yangu anavyojigamba," ndivyo unavyowaita, usikatae. Hii usiwasomee. Funga mlango, kaa chini, isome peke yako.

Ni habari za binti yetu Kwanini. Hajafa, haumwi, toa mkono kifuani. Ni mimi.

Kazi yake nimekueleza mara mia, na leo nakueleza mara ya mia na moja, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Wakili wa kawaida anakuja mtu akishavunjwa mkono. Kwanini wetu na wenzake wanakuja kabla. Wanaingia magerezani na vituo vya polisi, nchi hii na ile, wanakaa na mfungwa peke yake bila askari kusikiliza, wanaangalia anapolala, wanapima chumba. Na unajua wanapima na nini? Na futi yangu! Ile ya manjano niliyompa alipomaliza chuo. Majaji wa ng'ambo wanasoma ripoti zenye vipimo vya futi ya mama yake. Ni kama mimi ninavyopitisha uzi wa pili kwenye mshono kabla haujafumuka. Yeye anapitisha uzi kwenye watu.

Sasa kazi hiyo ina sharti moja kubwa. Hawapigi hodi mapema. Ziara zao ni za kushtukiza, kwa sababu nyumba ikijua mgeni anakuja, itafagiliwa. Hata wewe na mimi tulikuwa tukisikia sauti ya shangazi pale njiani tunasukuma vyombo vichafu uvunguni.

Mwezi uliopita wakaja huku kwetu: yeye, daktari mmoja, na jaji mstaafu. Wenzake walilala hotelini, yeye akalala kwangu, kwenye kitanda chake kile kile, miguu ikitokeza nje. Jumanne asubuhi tukiwa kwenye chai akaniambia, "Mama, Alhamisi saa tatu tunaingia gereza kubwa. Hili ni lako na langu tu."

Aliniambia kwa sababu nilikuwa nimeshamtajia fundi baiskeli. Huyu wewe humjui. Ni kijana wa watu, ana mke na mtoto mmoja, karakana yake ilikuwa pale njia panda, na ndiye aliyekuwa akiitia mafuta cherehani yangu. Mwezi wa pili askari alitaka kuchukua baiskeli ya mteja, yeye akasema, "Afande, hii si yangu kuitoa." Wakamchukua yeye pamoja na baiskeli. Mkewe, muuza mboga, ndiye aliyeniambia kuwa mle gerezani kuna chumba wanakiita stoo. Hakina dirisha. Mumewe alikaa humo siku nne, akatoka hawezi kushika kijiko. Akamwambia mkewe siku ya kutembelewa kwamba yuko tayari kusema kila kitu, kwa mtu yeyote mwenye kalamu.

Mimi ndiye niliyemshika mkono yule mwanamke nikampeleka kwa Kwanini. Hilo naomba ulikumbuke ukifika mwisho wa barua. Nililifanya.

Jumatano akaja Mama Rubani kujaribu gauni lake. Mama Rubani ni jirani, mwanawe anarusha ndege, na mumewe ni karani wa gereza. Nilijua kwamba ni karani wa gereza. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nilikuwa nimepiga magoti ninampimia pindo, pini zimejaa mdomoni, na yeye huko juu anaongea.

"Mwanangu jana alikuwa na abiria mia tatu mgongoni. Na wako, bado anazurura na wezi?"

"Wezi gani?"

"Si ndiyo kazi yake? Kusomeshwa kote kule, halafu mtu anakwenda kukaa na wafungwa. Pole, shoga. Kila mtu na fungu lake."

Mdogo wangu, nikatema pini mkononi.

"Muulize mumeo kesho jioni kama mwanangu anazurura," nikamwambia. "Kesho saa tatu bosi wake atafungua milango yote, mpaka hiyo stoo yao, na atakayemwambia fungua ni mwanangu."

"Kesho?"

"Kesho. Na wala hawana habari."

Akanyamaza. Nilivyofurahi aliponyamaza! Miaka kumi na moja ninamshonea, sijawahi kumwona amekosa la kusema. Akavua gauni na pini zake, akaliacha mezani, akasema amekumbuka ana jambo nyumbani. Nikadhani nimemshinda. Niliimba mchana kutwa.

Alhamisi Kwanini alirudi mapema, saa tisa hivi. Alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe niliyomshonea, na mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi begani, ulikuwa na rangi ya ukuta. Rangi ya maziwa, bado inanata.

Nikamwambia avue niisugue kwa mafuta ya taa kabla haijakauka. Akavua, akakaa kwenye kiti cha wateja na fulana yake ya ndani, akanisimulia huku nasugua.

Walifika saa tatu kasoro. Mkuu wa gereza alikuwa ameshasimama getini, sare imepigwa pasi, mikono nyuma. Vikombe vya chai vimepangwa, na idadi ya vikombe ni sawasawa na idadi yao. Wakaomba kwenda moja kwa moja stoo. Wakafunguliwa bila swali. Ndani kuna magunia ya unga mpaka darini. Kwanini akajipenyeza pembeni apime urefu wa ukuta, akauegemea, ukamshika. Ulikuwa umepakwa alfajiri ile.

Wakaomba kuonana na fundi baiskeli. Katika rejista jina lake lilikuwepo, limepigwa mstari kwa rula, na pembeni neno moja: amehamishwa. Wapi, hapakuandikwa. Nani aliamuru, hapakuandikwa. Walipouliza, wakaambiwa faili liko njiani.

"Walijua, Mama," akasema. "Kuna mtu wetu amevujisha. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mimi nguo yenyewe ninayo mikononi.

Wenzake walimshuku dereva wao. Ni mtu mzima, mpole, siku ya Jumanne alikuja kwangu akaomba maji, akayanywa kwa kunishukuru mara mbili. Walikuwa wamemwambia akae nyumbani kwanza mpaka ijulikane. Kwanini akanitazama, si kwa kunishuku, kwa uchovu tu, akauliza, "Wewe hukumwambia mtu, sivyo?"

"Mimi? Nimwambie nani?"

Umri wangu huu. Mafuta ya taa yananichoma vidole, na nimemdanganya mtoto niliyempiga kofi akiwa na miaka sita kwa kunidanganya kuhusu kikombe.

Siku mbili nilikaa na uongo ule. Doa halikutoka, lilififia tu. Jumamosi akaja mke wa fundi na shati la mumewe. Alitaka nilipunguze mabega, maana mumewe amekonda, na siku ya mahakama asionekane amevaa shati la kuazima. Kwanini alikuwa amemwambia bado wanamtafuta, basi yeye ameshika neno "wanamtafuta" kama tiketi. Akanishika mikono yote miwili. "Mama, Mungu akuzidishie," akaniambia. "Bila wewe nisingempata Dada Wakili."

Wangeniita mchawi ningevumilia zaidi.

Kwanini aliporudi nikamwambia yote, nimesimama. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Alivuta kiti cha wateja akakiweka mbele yangu, akatoa daftari lake, akaandika tarehe juu. Akaniuliza nilimwambia nani. Siku gani, saa ngapi. Nilitumia maneno gani hasa, si maana yake, maneno yenyewe. Nikamtajia. Aliandika polepole, kwa mwandiko ule ule uliompatia zawadi darasa la tatu. Alipomaliza akanisomea kuanzia mwanzo, kisha akauliza kama ameandika sawa na kama kuna la kuongeza.

Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

"Niliandike hilo?"

Haikuwa kejeli, mdogo wangu. Alikuwa anauliza kweli. Ndivyo anavyowauliza watu, nchi hii na ile. Siku zote nilikuwa natamani kumwona kazini kwake.

Nikatia sahihi. Akatoka nje kumpigia dereva simu, nikamsikia anamwomba radhi kwa sauti ya chini, mara nyingi.

Kwa mke wa fundi nilikwenda mwenyewe, kesho yake. Kwanini alitaka tufuatane, nikakataa. Nilimkuta anafunga mafungu ya mboga. Nikamwambia. Akaendelea kufunga fungu alilokuwa nalo, akalimaliza, akaliweka juu ya mengine. Kisha akatembea mbele yangu mpaka dukani kwangu, akalitoa shati kwenye hanga, bega moja limepunguzwa na moja bado, akalikunja, akaondoka nalo.

Kwanini alibaki wiki moja zaidi akimtafuta fundi baiskeli. Magereza matatu, hospitali mbili, na ofisi ambazo sizijui idadi. Mtu mzima si bobini ya cherehani adondoke chini ya meza apotee, lakini ndivyo alivyopotea. Leo ni wiki ya nne. Kila ofisi inasema aulizwe yule wa ofisi nyingine. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sina, majuto ninayo.

Mama Rubani aliniamkia juzi kana kwamba hakuna kitu. Akaulizia gauni lake. Nikampa na pini zake.

Cherehani inalia. Kila nikikanyaga pedali inalia kama kitu kinachosagwa, maana haijatiwa mafuta tangu mwezi wa pili. Wapo mafundi wengine, wamekuja kuuliza. Nawaambia waiache.

Kwanini ameshaondoka. Bado ananipigia kila Jumapili, ananiulizia magoti, anacheka nikimchekesha, huwezi kusema amebadilika. Ila zamani nilikuwa nikimuuliza yuko wapi ananitajia mpaka jina la mtaa. Sasa nikimuuliza anasema, "Nipo kazini, Mama." Nimeacha kuuliza. Wateja wanaponiuliza Wakili wetu yuko nchi gani safari hii, najibu sijui. Wanacheka, wanadhani nimepata mtindo mpya wa kujivuna.

Futi ya manjano niliikuta mezani siku aliyoondoka, imeviringwa vizuri, na tone la rangi ya maziwa kwenye namba arobaini. Sijui kama aliisahau au amenirudishia. Sijathubutu kumuuliza. Wala siwezi kumpimia mtu kwayo.

Ninachokuomba ni kimoja, na ndiyo sababu ya barua hii. Kazi yake inaweza kumleta huko ulipo. Akigonga mlango wako, mpe kitanda kirefu, mlishe, mwangalie viganja kama ana baridi, maana alikuwa hivyo tangu mtoto. Lakini usiniandikie kwamba amekuja. Wala usinitajie mji, wala siku. Hata nikikubembeleza katika barua ijayo, na nitakubembeleza, najijua, usiniambie. Mahali anapoingia kuna mtu anamsubiri nyuma ya mlango, ana la kusema, na mimi mdomo wangu ni huu huu.

Nisalimie shemeji na mgongo wake wa kunyanyulia watu. Nisalimie wanao wote, mkubwa mwambie suruali yake niliyomshonea asiikate. Kaka yetu anakusalimu, shangazi naye hajambo ila hasikii, kila salamu anajibu "asante." Na katika dua zako mtaje fundi baiskeli kabla ya kunitaja mimi.

Mungu akuwekee mlango usioingiliwa na wabaya, na mgongo wa kuufungulia walio wema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nisipokuwa na la kujisifia,

Mama Kwanini