Mstari wa Juu Ulionificha

Baba Neema,

Nimeanza na jina hilo kwa sababu nilipojaribu kuandika "mpendwa" vidole viligoma. Neema ni mzima, yuko darasa la tano, na anakusalimu. Hali yangu mimi usiiulize. Barua hii nampa mdogo wako Elia aibebe bila bahasha. Akitaka kuisoma ndani ya basi aisome, na abiria wa jirani wasome pia, maana mambo yenyewe uliyafanya mbele ya watu.

Jumanne Elia alikuja dukani na mkokoteni, maboksi mawili na kamba ya katani. Akasema umemtuma achukue kompyuta, kwamba huko Morogoro unafungua ofisi, na mimi nibaki na taipureta yangu. "Shemeji, si hasira. Kaka mwenyewe kasema kompyuta huiwezi." Aliyasema hayo wateja wanne wakiwa wamekaa benchi. Nitakueleza alivyoondoka, lakini kwanza nataka nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu naona umeamua kusahau.

Unakumbuka ulivyokuwa unasimama mlangoni pa ofisi yetu ya ushirika, umeshika stakabadhi za alizeti, ukijifanya unasubiri mhuri? Wewe karani wa ghala, mimi mpiga chapa. Chuoni walitufunika mikono kwa kitambaa ili tujifunze kuchapa bila kuona herufi, na wewe hilo ulikuwa huliamini. "Hebu geuka uniangalie huku unachapa," ulisema. Niligeuka, nikakuangalia, nikamaliza ukurasa. Sijui kama nilikupenda siku ile au kesho yake.

Kisha likaja soko huria, alizeti ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na ofisi yetu ikafungwa. Barua za kupunguzwa kazi nilizichapa mimi. Nilichapa yako asubuhi, yangu baada ya chai. Siku ile ulinisindikiza mpaka nyumbani, ukasema, "Mama, tutafungua cha kwetu." Na tulifungua kweli, chumba kimoja karibu na soko, taipureta moja, mimi nachapa na wewe unatafuta wateja mpaka Mtinko siku za mnada. Hapo sikulaumu kwa lolote, ulifanya kazi.

Ile kompyuta ya mtumba tuliinunua wote wawili, na wewe ukaipakata kwenye basi kutoka Arusha, umeizungushia blanketi letu la kitandani. Fundi wa kule alikuwa amekupa diski za programu za bure, kwa kuwa mashine ilikuwa chovu na zile za kawaida zingeishinda. Ndani yake kulikuwa na ile ya kupanga madirisha ya kazi kwenye kioo. Ulinieleza kwa furaha kama mtoto: hakuna dirisha linalolala juu ya lingine, ukifungua kazi mpya kioo kinagawanywa chenyewe kama viwanja vilivyopimwa, na kila kitu ni kwa kibodi, mausi haihitajiki. Wiki nzima ulikaa pale unadonoa kwa vidole viwili, unapima upana wa kushoto, upana wa kulia, unaongeza, unapunguza. Mimi nilikuwa pembeni nachapa kadi za michango ya harusi ili tule. Sikulalamika. Nilijivunia, naliandika hilo nalo.

Ulipomaliza, ndugu zako walitoka Mungaa kuja kuona. Juu kabisa ya kioo uliweka mstari mwembamba, na ukawaonyesha kwa kalamu: hapa saa, hapa umeme uliobaki kwenye UPS, lile boksi la kutunza umeme, hapa karatasi zinazosubiri kwenye printa. Chini yake madirisha matatu, kila moja na kazi yake. Watu walikuita fundi kuanzia siku hiyo.

Ukabonyeza kitu, ukainuka, nikaketi mimi. Dirisha moja. Limejaa kioo kizima, mstari wa juu hakuna.

"Mbona yangu haigawanyiki?" nilikuuliza.

"Mama Neema, mashine haina nguvu. Ukigawa gawa wewe itakufa."

"Na ule mstari?"

"Ule wa mafundi. Wewe chapa tu."

Nikachapa tu. Muhtasari wa zamani ukiwa ndani ya mashine na mpya ukiwa unaandikwa, nilifunga mmoja nikafungua mwingine, nikafunga tena, mara arobaini kwa siku, huku wewe ukikaa una yote matatu mbele ya macho. Nikadhani mashine imekuzoea wewe.

Sasa nakuuliza kama unamkumbuka mtendaji wa kijiji aliyetoka Mgori. Alikuja na muhtasari wa mkutano wa mipaka ya msitu, kurasa tisa za mkono, na alitakiwa kuufikisha wilayani kabla ofisi hazijafungwa. Wewe ulikuwa umekwenda kunywa chai. Ilikuwa mchana, taa tumezima, mlango wazi, umeme ukakatika na hakuna aliyejua. Mlio wa UPS ulikuwa umeshaukata siku nyingi kwa sababu ulikukera. Nikaendelea kuchapa kwa umeme wa lile boksi, na ukurasa wa nane kioo kikawa cheusi. Sikuwa nimehifadhi. Ukaingia, ukatuona tumekodoa macho, na hukuuliza kitu.

"Nimekwambia mara ngapi? Hii si taipureta! Mtu hujui kitu, unang'ang'ania!"

Nilipiga goti kwa yule mzee nikamwomba radhi. Alijibu, "Basi, mwanangu, yameshatokea," akakunja karatasi zake akaenda kuomba lifti. Wewe ulimsindikiza ukimweleza kwamba wanawake na hizi mashine ni shida. Nilisikia, dirisha lilikuwa wazi. Na nilikuamini, Baba Neema. Tangu siku ile mtu akiniuliza nilijibu mwenyewe, "Mimi kompyuta siiwezi, msubirini Baba Neema." Nililisema hilo miaka, mbele ya mtoto wangu wa kike.

Kisha ukapata kazi ya mradi Morogoro, ikawa miezi sita, ikawa mwaka, ikawa nyumba na mwanamke ndani yake. Huyo sina neno naye, hanijui simjui. Ulikuwa unapiga simu siku za mnada, unaniamuru, bonyeza hiki, shikilia hiki, achia. Hukuwahi kusema kinafanya nini. Printa ilipobadilishwa ulinifungulisha lile faili la mipangilio, ulimoiandikia mashine namna ya kupanga kioo. "Shuka mpaka chini kabisa, badilisha neno moja, hifadhi, toka. Usisome mengine, utachanganyikiwa." Nikashuka macho nimeyafumba nusu. Mke mtiifu alioje!

Baadaye simu zikawa hazipokelewi. Ukaja msimu wa mvua, watu wote wako mashambani, dukani haingii hata nzi. Nikalifungua lile faili na kulisoma kuanzia juu, kama tulivyofundishwa, kwamba ukurasa unasomwa wote kabla hujaugusa.

Nilikuta maelezo yako. Kila ulipotaka kujikumbusha uliweka alama ya reli mwanzo wa mstari, na baada yake Kiswahili chako chenyewe. "Hapa ndipo upana unapobadilishwa." "Funga mabano, jana ulisahau, ukapoteza siku nzima." "Hii sijui inafanya nini, usiiguse." Nilicheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Kumbe fundi alikuwa anajiandikia vikumbusho! Kumbe hakuwa nayo kichwani! Nilikuonea hata huruma kidogo, nikakumbuka ulivyokuwa unajikuna shingo ukikwama.

Kisha nikafika ukurasa wa nne. Maneno yako haya: "Mpangilio wa mama. Dirisha moja tu. Mstari wa juu ufichwe, asije akaanza kuuliza maswali."

Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe. Nilirudi nikasoma tena, nikitafuta maana nyingine, nikakosa. Mashine ilikuwa na uwezo, ni wewe uliyeifunga. Siku ya yule mzee wa Mgori mstari ulikuwepo, ulikuwa unahesabu umeme unavyokwisha, na wewe ndiye uliyeufunika usionekane kwangu, halafu ukaja kunifokea kwa nini sikuona. Ulijua. Ulisimama pale ukijua, ukaacha nipige goti.

Nina hasira na wewe. Si hasira ya kuachwa, hiyo nililia ikaisha. Ni hasira ya mtu aliyefanywa mjinga ndani ya nyumba yake, na aliyemfanya akaenda kutangaza kwa watu kuwa ni mjinga. Nilikuwa nachapa kasi kuliko yeyote mjini hapa. Ulikuta programu inayoendeshwa kwa vidole vitupu, ambayo ingefaa kuliko yote mkononi mwa mtu aliyefunzwa kuchapa bila kuangalia, na mtu huyo ulikuwa unalala naye kitanda kimoja. Ukaona bora nisijue. Maswali yangu yangekupunguzia nini?

Kabla ya kugusa kitu nililichapisha faili zima kwenye karatasi, kwa sababu mpiga chapa habadilishi kitu bila nakala. Kurasa kumi na moja. Halafu nikaanza. Nilikosea, sikatai. Asubuhi moja niliacha mabano wazi, madirisha yakakataa kabisa kufunguka, nikabaki na kioo cheusi na maandishi meupe, na mwalimu mmoja kutoka Mtinko amekaa na mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Alisema, "Dada, twende tu kwa mwingine." Nikamwambia, "Mwalimu, nivumilie mpaka adhuhuri." Nilichukua zile kurasa nikalichapa faili upya, neno kwa neno, kwenye kile kioo cheusi. Likakubali. Mwalimu alipiga makofi, akaondoka na mitihani yake imenyooka, na mpaka leo haendi kwingine.

Sasa kushoto nina karatasi ya zamani, kulia mpya, chini kamstari kembamba ka hesabu za kurasa. Mstari wa juu uko wazi muda wote, na umeme wa UPS ukishuka tarakimu zinageuka nyekundu. Vitufe nimevihamisha vyote pale vidole vyangu vinapopumzika. Hakuna hata kimoja kilichobaki ulikokiweka.

Ndiyo maana sikumkatalia Elia. Nilimwambia, "Shemeji, mashine hiyo hapo. Iwashe, nifungulie kazi ya huyu bibi, ukiweza ibebe."

Akaketi. Akatafuta mausi juu ya meza, chini ya meza. Akabonyeza huku na huku, dirisha likaruka kulia, lingine likajaa kioo. "Sasa imeenda wapi tena hii?" alisema, na benchi zima likacheka. Bibi mwenyewe alikuwa shangazi yenu wa Mungaa, amekuja kuchapiwa barua ya baraza la ardhi. Alimwacha ahangaike, kisha akasema, "Elia, toka hapo. Unanichelewesha. Kama kaka yako anataka kompyuta akatafute yake, hii ina mwenyewe."

Elia aliinuka, nikaketi, nikamaliza barua ya shangazi huku anaangalia. Kushoto, kulia, chini, sikugusa pasipohitajika. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Kaka alisema huiwezi," akarudia, lakini safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza. Maboksi aliniachia, nimewekea karatasi.

Jioni alikupigia simu, ukaomba kuongea nami. Nilishangaa ulivyokuwa mpole. Ukasema basi nibaki na mashine, ila nikupe lile faili, kwa kuwa huko unayo nyingine umeshindwa kuipanga, ndiyo maana uliitaka hii. Umesahau. Ukaongeza, "Tafadhali, Mama Neema." Neno hilo sikulisikia miaka yote tulipokuwa dukani pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba ilikuwa rahisi. Ungeketi kushoto, mimi kulia. Ningekufundisha vidole, ungenifundisha mabano, tungekosea pamoja na kuchekana. Tungekuwa mafundi wawili kwenye chumba kimoja, na pengine usingetafuta pa kwenda. Uliona fahari kuwa peke yako unayejua.

Kumwona Neema njoo siku yoyote, ni mwanao na anakuuliza. Kwa ajili ya mashine usimtume tena mtu.

Faili unalolitaka nimempa Elia. Si kwenye diski. Ni zile kurasa kumi na moja za karatasi, kama ulivyoliandika wewe, sijaondoa wala kuongeza nukta, na maelezo yako yote yamo. Ukiitaka kazi yako itabidi uichape mwenyewe, herufi moja moja, tangu juu. Utafika ukurasa wa nne. Hapo usiruke.

Mama wa mtoto wako, mwenye duka.